Mzee wa Kusekondi

Pale Huruma hakuna aliyemwita kwa jina. Mimi niliishi ng'ambo ya njia, mlango wangu ukitazama kibanda chake cha mafuta ya taa, miaka na mikaka, na hadi leo ukiniuliza jina la babake nitakukodolea macho tu. Alikuwa Sekonda. Watoto walimwita Sekonda, mwenye ploti alimwita Sekonda, hata mchungaji akimwombea apone malaria alisema, "Bwana, mkumbuke mzee wetu, yule wa kusekondi," na nadhani Bwana alijua ni nani.

Jina lilitokana na kazi yake. Miaka ile mikutano ilikuwa mingi kuliko unga. Kamati ya harusi, kamati ya mazishi, wazazi wa shule ya nasari, wapangaji wanaolia juu ya choo, baraza la chifu, na juu ya yote mikutano ya chama, ambayo ukikosa unaulizwa ulikuwa wapi na nani. Na mkutano wowote, hata wa choo, ulikwenda vile Wazungu walivyotuachia: mtu mmoja asimame apendekeze, mwingine asimame aseme "nasekondi", ndipo jambo liitwe jambo. Bila huyo wa pili, hakuna kitu. Linaanguka hapo hapo, mnaendelea na mengine.

Sasa nani anataka kuwa wa pili? Kupendekeza ni raha, unaonekana una akili. Kusekondi ni kumshikia mwenzako ngazi: akifika juu anashangiliwa yeye, akianguka anakuangukia wewe. Basi ilikuwa kimya, watu wakitazama viatu vyao, halafu kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, ungesikia kikohozi kidogo, kiti kikikwaruza sakafu, na sauti nyembamba, "Nasekondi." Akaketi. Sikuwahi kumsikia akipendekeza chochote, hata chai.

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Siku moja nikinunua mafuta nikamwambia, "Mzee, kwani wewe hujui kukataa? Mtu akipendekeza tule mawe utasekondi?"

Akatazama njia upande huu, akatazama upande ule. Ndivyo alivyofanya kabla ya kusema lolote, hata bei. "Kusekondi si kukubali, Mama Nafula."

"Ni nini, kama si kukubali?"

"Ni neno la Kiingereza la watu wa mikutano. Ukisekondi hujasema jambo ni zuri. Umesema tu lizungumzwe. Watu walitie mdomoni. Ukishasekondi, unaweza hata kusimama ukalipinga, na hujavunja sheria."

"Wewe umewahi kulipinga?"

"Mimi? Mungu apishe mbali!" Akaifuta ile chupa yangu mara mbili na kunirudishia, kama kwamba nimemtukana.

Woga wake, we acha tu. Sote tuliogopa siku hizo, nisijifanye shujaa. Ulikuwa ukitaka kusema bei ya sukari imepanda unaangalia kwanza nani yuko nyuma yako. Mtu alichukuliwa mchana, jirani zake wakasema amesafiri. Lakini woga wetu ulikuja na kuondoka. Wake ulikuwa na ratiba. Alipotaka kunifungia kipande cha sabuni kwa gazeti kuukuu, alilikunjua ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma, akitafuta picha ya Mtukufu Rais. Akiipata, gazeti hilo haliwezi kufunga sabuni, maana sabuni italowesha uso. Haliwezi kuchomwa, nani atathubutu? Haliwezi kutupwa, mtu atalikanyaga. Basi alilipeleka chumbani akaliweka chini ya kitanda. Alipougua mimi na Mama Njoki wa duka la mkaa tukaingia kumfagilia, tukakuta kitanda kimeinuka juu ya marundo ya magazeti, miguu ya kitanda haigusi sakafu tena.

"Ala! Mzee, kumbe unalalia serikali!" nikasema.

Alijifunika blanketi kichwani akalia kabisa, "Nyamaza, mama, nyamaza, nakuomba!" Mama Njoki akanifinya. Yule mzee alikuwa na homa ya kutetemesha kitanda, na bado kilichotaka kumuua ni utani wangu.

Kwenye kibanda kulikuwa na ile picha kubwa ya Mtukufu ukutani, kama kila duka lilivyotakiwa kuwa nayo. Taa ilipoanza kutia moshi kwenye fremu, aliitoa taa nje, akawa anauza mafuta ya taa gizani. Haki ya Mungu. Na hakuipa picha hiyo mgongo. Pipa la mafuta lilikuwa mlangoni na picha ilikuwa ndani, kwa hiyo alikwenda kwenye pipa kinyumenyume, akipapasa nyuma kwa mkono, na kurudi amenyooka. Watoto walimwiga mchezoni. Mwanzoni tulicheka, baadaye tuliwakataza.

Alikuwa na usemi mmoja aliourudia mpaka ukatuchosha: angalia viatu. Huruma ni matope, aliniambia. Mvua ikinyesha hapa, mwalimu ana tope, mchungaji ana tope, hata mwizi ana tope. Ukimwona mtu ana viatu vya kung'aa katikati ya ploti, huyo ameletwa na gari na gari limefichwa. Usimuuze kitu. Mwambie kimeisha. Mgeni yeyote akija, Sekonda aliinama kana kwamba ameangusha shilingi, akatazama viatu, ndipo akamtazama uso.

Lakini sasa nieleze na hili, maana mtu huyu hakuwa wa kukunjwa mara moja ukamweka mfukoni. Kulikuwa na kijana fundi wa mabati aliyekufa kwa kutapika na kuharisha, na ndugu zake wenyewe wakasimama nje na leso puani. Aliyeingia akamwosha ni Sekonda. Alikunja mikono ya shati, akaomba maji ya moto, akamwosha taratibu mpaka vidole vya miguu. Nilipomuuliza haogopi, alinishangaa. "Niogope nini? Huyu hawezi kuniuliza swali." Nyoka aliingia kwa Mama Njoki, akamtoa na ufagio. Mikutano, iliyomtia jasho la kwapa mpaka kwenye mkanda, hakukosa hata mmoja. "Nikikosa wataona kiti changu," alisema. Alikaa karibu na mlango, na sikumwona hata siku moja akiutumia kabla ya watu wengine.

Basi ikaja habari ya nasari.

Nasari yetu ilikuwa kibanda cha mabati kwenye ploti iliyoachwa kwa ajili ya watoto. Nataka ujue ilikuwa nini kwangu. Mimi nilikuwa napika uji na kuuzia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, sufuria kubwa ya kuogea mtu mzima. Kabla ya nasari kuwepo nilikuwa namfunga Nafula mgongoni, na alipokuwa mzito nikawa namketisha kando ya jiko. Siku moja nikageuka kupokea pesa. Kugeuka tu. Kovu analo, kutoka bega hadi kiwiko, na mayowe yale ninayo mimi. Sasa nilikuwa na mdogo wake, anayetambaa na kushika kila kinachong'aa. Pale nasari alikuwa salama hadi saa saba, na mimi nilifanya kazi bila kugeuka geuka.

Mwenyekiti wa tawi la chama akaitaka ile ploti. Alitaka kujenga baa mbele na vyumba vya kupangisha nyuma, na alisema wazi, kwa nini afiche? Akaitisha mkutano wa wazazi, Jumamosi mchana, humo humo ndani ya nasari. Tulikalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, wanaume wazima wamejikunja kama kuku wa kuuzwa. Mlangoni walisimama vijana wa chama na rungu zao. Tuliinua kidole kimoja juu, ishara ya chama, tukaimba, tukaketi.

"Wazazi," Mwenyekiti akasema, "nataka mmoja wenu apendekeze kwamba mnashukuru kwa maendeleo na mnaitoa ploti hii kwa moyo mweupe. Wa kusekondi tunaye." Akamwelekezea kidole Sekonda huko nyuma. Watu wakacheka kile kicheko cha kuogopa kutocheka.

Sikupanga. Ningekuwa nimepanga ningekaa nyumbani. Nilijiona tu nimesimama, kiti kidogo kimenaswa kwenye rinda, na sauti yangu inasema, "Mimi napendekeza ploti ibaki ya watoto."

Loo! Kimya cha siku ile sijapata kukisikia tena. Mabati yalikuwa yakilia kwa jua, nikasikia kila mlio. Mama Njoki, aliyekuwa kando yangu, alikuwa amekamata rinda langu kwa ngumi na kulivuta chini, akininong'oneza, "Keti, mama. Keti, mama. Keti." Mwenyekiti hakukasirika. Alitabasamu.

"Mama amependekeza," akasema pole pole. "Sisi ni watu wa utaratibu. Nani anasekondi?"

Kimya.

"Hakuna? Nauliza tena. Wazazi wote hawa, hakuna?" Akawageukia wale vijana. "Mnaona. Mkutano mzima uko sawa, ni mtu mmoja. Mtu mmoja akisema hivi huyo si mzazi, huyo ni mchochezi. Mnajua anakaa wapi?"

"Tunajua," wakasema.

Niliogopa. Niliogopa mpaka nikahisi mkojo. Nilimwona Nafula na mdogo wake wamekaa mlangoni mwangu wakiulizwa mama amekwenda wapi, na jirani wakisema amesafiri. Nikawatazama watu ninaowapa uji wa deni, mmoja mmoja, na mmoja mmoja akatazama viatu vyake. Sikuwachukia hata kidogo, ningefanya hivyo hivyo. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nilikuwa nakwenda chini.

Ndipo nyuma nikasikia kikohozi. Kiti kikakwaruza.

"Nasekondi."

Mwenyekiti akaangua kicheko. "Mzee, ngoja bwana! Zamu yako bado. Hatujafika kwenye hoja yetu." Watu wote wakacheka, na mimi nikadhani hivyo hivyo, mdomo wa mazoea umemtoroka. Nikageuka. Alikuwa hajaketi. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na suruali yote ikimtetemeka kutoka kiunoni hadi chini.

"Nimesekondi hoja ya Mama Nafula," akasema.

"Unasema unakubaliana naye?"

"Sikusema hivyo, Bwana Mwenyekiti. Sikusema ni nzuri, sikusema ni mbaya. Nimesema izungumzwe. Ndiyo maana yake."

Na akabaki amesimama. Mama Njoki aliachilia rinda langu. Yeye mwenyewe aliyekuwa akinivuta ndiye aliyesema, ameketi bado, akitazama sakafu, "Kama imesekondiwa, basi tuizungumze." Halafu baba mmoja wa karakana akasema mtoto wake atakwenda wapi. Halafu mwingine. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyetukana, lakini ilizungumzwa, na ikishazungumzwa huwezi kusema ni mwanamke mmoja mwenye wazimu. Mwenyekiti alitazama saa akasema mkutano umeahirishwa. Hakuuitisha tena. Nasari iko pale pale, mabati yale yale.

Ungefikiri tulishangilia. Tulikwenda nyumbani kila mtu na njia yake, tusionekane tukitembea pamoja. Na kwa siku kadhaa ploti nzima ilibishana kwa minong'ono, je, mzee alijua anachofanya au alisekondi kwa mazoea? Wengi walisema mazoea. Iliwapa nafuu, nadhani. Kama Sekonda, anayeogopa gazeti, alisimama akijua, basi sisi wengine tulikuwa nani?

Wiki haikuisha. Nilikuwa naosha sufuria nje mvua imetoka kukatika, nikaona wanaume wawili kwenye kibanda wanaomba mafuta ya taa na hawana chupa. Nikatazama viatu. Vinang'aa. Sikusikia walichosema. Nilimwona tu Sekonda akivaa kofia, akaufunga vizuri mfuniko wa pipa, akatoka kibandani kinyumenyume, asiipe picha mgongo, mpaka akawafikia, wakaondoka naye.

Mimi nilingoja zamu yangu. Nilivaa sweta mbili kila siku, nikamwonyesha Mama Njoki dawa za mtoto ziko wapi. Kila kiatu kilichopita kilinipasua moyo. Hawakuja. Baadaye nilikuja kujua kwa nini: hawakuamini kwamba muuza uji anaweza kutunga hoja. Walimtaka mtu anayejua mambo ya kusekondi, wakasema huyo ndiye aliyenifundisha. Nilidharauliwa nikapona. Nilikasirika sana, na nilishukuru sana, na mpaka leo sijui nianze na lipi.

Alirudi mahindi yakiwa yameshavunwa. Alitembea kana kwamba ardhi ni ya moto, akinyanyua mguu upesi kabla haujatua. Kibanda kilikuwa kimefungwa kufuli lisilo lake. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakusema kitu. Mpwa wake wa kike akaja kumchukua, akampeleka kwake Plateau, ili awe karibu na hospitali ya misheni wamwangalie ile miguu. Mikutano iliendelea. Mtu anapendekeza, kimya, na vichwa vyote vinageuka kutazama kile kiti cha mlangoni.

Ilinichukua muda mrefu kwenda kumwona, na sababu ni woga, sina nyingine. Chama kilikuwa bado kimoja, Mwenyekiti alikuwa bado Mwenyekiti, na kumtembelea mtu kama yule kulikuwa kunahesabiwa. Nilibeba kadi yangu ya chama kwenye sidiria na mandazi kwenye kikapu, nikamwambia Mama Njoki nakwenda kliniki.

Nilimkuta barazani kwa mpwa wake, kwenye kiti cha mbao, miguu imefungwa bandeji juu ya gunia. Alipinda shingo akatazama viatu vyangu kwanza. Vya plastiki, tope hadi kifundoni. Akashusha pumzi. "Mama Nafula," akasema, "karibu. Hakuna mtu nyuma yako?"

"Hakuna, Mzee."

Tulikula mandazi. Nilimwambia nasari ipo, watoto ni wengi mpaka wanakalia mawe. Alisikiliza hadi mwisho akaniuliza tena, watoto wanakalia mawe? Nikarudia. Mwisho nikashindwa, mdomo wangu unaujua. "Mzee, watu bado wanabishana. Siku ile ulisekondi ukijua, ama mdomo ulikutoroka?"

Akatazama njia upande huu. Akatazama upande ule.

"Zamani nilikuwa karani wa ushirika," akasema. "Mwenzetu mmoja alichukuliwa ofisini, mbele yetu. Mkutano uliofuata nikasimama nikapendekeza tuulize amepelekwa wapi. Tuulize tu. Wote waliokuwa ndani walikuwa rafiki zangu. Mwenyekiti akasema, nani anasekondi." Akaokota chembe za mandazi kwenye goti, moja moja. "Nilisimama pale mpaka nikachoka. Halafu nikaketi. Mpaka leo sijui alipelekwa wapi. Yale mengine yote, hata haya ya miguu, nayaweza. Ile kuketi, Mama Nafula, ile sikuiweza."

Nikamsogezea kikapu cha mandazi.

"Nikaona magoti yako yanakunjika," akasema.

"Uliogopa, Mzee?"

"Naogopa hata sasa. Ule mlango wa uani umefungwa?"

Nikaenda nikaangalia. Umefungwa. Niliporudi kuketi kwenye kiti changu alikuwa amekaa ukingoni mwa chake, kofia mikononi, midomo ikijaribu kitu na kukiacha. Nilidhani ni maumivu.

"Napendekeza," akasema, akasita. Sauti ilikuwa ya mtu aliyemeza vumbi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na hapakuwa na joto. "Napendekeza unipeleke nikaione. Hiyo nasari. Mara moja tu. Mchana, watoto wakiwa ndani."

Niliona barabara yote. Niliona mimi na yeye tukipita Huruma mchana kweupe, yeye akinyanyua ile miguu, macho ya watu madirishani, vijana wa chama kwenye kona, Mwenyekiti akiambiwa kabla hatujafika. Nilimwona mwanangu mdogo. Nilitaka kusema tungoje kidogo, mambo yapoe, na lingekuwa neno la busara, mtu yeyote angenielewa. Na nikiwa nalitafuta, Sekonda alikuwa ametazama gunia chini ya miguu yake, na mabega yake yalikuwa yameanza kurudi nyuma, taratibu, yakitafuta kiti.

Nikatazama njia upande huu, nikatazama upande ule. Kiti changu kilikwaruza sakafu.

"Nasekondi, Mzee," nikasema, nikabaki nimesimama.